Swali la Mshtakiwa wa Pili

Ini la kuku silili. Wakwe zangu walidhani najidai, daktari mmoja akadhani nina gauti, nami nikawaacha wadhani wanavyotaka kwa sababu kueleza ni kazi. Sasa nimestaafu. Sina bosi, nina mkeka wangu barazani na hasira zangu zilezile za siku zote, basi nitaeleza.

Nilikuwa mkalimani wa mahakama. Baba yangu Mzigua wa Kwaluguru, mama yangu Mshambaa wa Mashewa, kwa hiyo nilikua nikigombezwa kwa lugha mbili, na ya tatu nikaikuta shuleni. Niliajiriwa kama mpiga chapa, lakini kila mtu aliyepanda kizimbani akasema Kiswahili hakimtoshi, niliitwa mimi. Nimezunguka Handeni na Korogwe kwa kazi hiyo mpaka mahakimu wapya wakawa wananikuta pamoja na meza na viti. Kesi ninayotaka kuieleza ilisikilizwa katika mahakama gani, sisemi. Watu wake wengine wangali hai, na kosa ninalolisimulia ni langu mwenyewe.

Kazi ya mkalimani ukiifikiria sana inatisha, ndiyo maana nilikuwa siifikirii. Mshtakiwa akisema "nimeiba," wewe husemi "anasema ameiba." Unasema "nimeiba," kwa sauti, mbele za watu, na wifi yako amekaa pale nyuma anakutazama. Asubuhi nimekuwa mwizi wa mbuzi, mchana nimekuwa mwenye mbuzi, jioni nimerudi nyumbani kupika ugali. Huongezi neno, hupunguzi neno. Nilikuwa nimeapa, Wallahi, Billahi, Tallahi, na nilikuwa mkali juu ya jambo hilo. Karani mmoja aliwahi kunishauri nifupishe kidogo ili tuwahi chakula; nilimpa maneno yake mpaka akahamisha meza.

Basi wakaletwa wale wawili.

Wa kwanza alikuwa mtu mzima wa kama miaka hamsini, mkulima wa mahindi na ufuta, mrefu, mkavu, mwenye utulivu uliozidi. Wa pili alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi, jirani yake wa shamba, mtoto pekee wa mama mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani bila mkono wake. Walishtakiwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Dereva wa bodaboda alikatwa panga mkononi asubuhi kweupe kwenye njia ya vumbi, pikipiki yake ikachukuliwa. Adhabu ya kosa hilo ni miaka thelathini, na hakimu hana ruhusa ya kukuhurumia hata angekuwa baba yako mzazi.

Pikipiki ilikutwa nyuma ya nyumba ya kijana. Mtu mzima, polisi walipomhoji, alikiri: ni yeye, na walikuwa wote wawili. Kijana hakueleza kitu. Alisema tu kwamba yeye si mwizi, kisha akanyamaza, na alipoulizwa ile siku alikuwa wapi, akatazama chini. Ukiondoa pikipiki na maneno ya mwenzake, hakukuwa na kitu cha kumfunga. Ushike hilo, maana ndilo lililokuwa mezani tangu mwanzo hadi mwisho: miaka thelathini ya yule mtoto wa watu.

Kiswahili wote walikijua. Nani siku hizi hakijui? Lakini mtu mzima alisema atajibu kwa Kizigua, na kijana naye akasema hivyohivyo. Nikaapishwa, nikasimama kando ya kizimba. Shati la kijana halikuwa na vifungo vya juu, na alipoinama niliona kifuani, upande wa kushoto, chale tatu fupi zilizopona. Nikamtazama mwenzake. Tatu, mahali palepale.

Walikuwa wamechanjiana.

Vijana wa leo hawayajui haya, na wanaoyajua hujifanya hawayajui. Watu wawili wasio ndugu, mmoja akiwa amemwokoa mwenzake katika jambo kubwa, hufanywa ndugu wa damu. Baadaye nilisikia kwamba kijana aliumwa na nyoka shambani akiwa na miaka kumi na sita, na mtu mzima ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Kwa hiyo walichanjiana, na tangu hapo kijana alikuwa hali kabla mwenzake hajala.

Mimi niliona watu wakichanjiana mara moja, nikiwa na miaka saba, uani kwa babu yangu Kwaluguru. Babu ndiye aliyekuwa akiwasemea maneno. Walichanjwa kifuani, kipande cha ini la kuku kikapakwa damu ya huyu akala yule, cha pili kikapakwa damu ya yule akala huyu. Babu alikuwa anagonga kisu juu ya jembe, anasema taratibu: changu chako, safari yangu safari yako, na ukinisema kwa ubaya masikio yangu yakisikia, tumbo likuvimbe na ulimi ukuozee kinywani. Sahani ya ini niliibeba mimi. Nilipokuwa nairudisha jikoni, mtoto na tamaa zake, nililamba kidole.

Babu aliniona. Alinizaba kofi ambalo nalisikia mpaka leo, kisha akanishika kidevu akanitazama ndani ya kinywa kwa muda mrefu. Akasema, "Haya, yamepita." Hayakupita, babu. Kinywani palibaki ladha kama ya kulamba msumari, na kila nilipoonja ini baadaye ilinirudia, mpaka nikaacha kula.

Sasa nikiwa kando ya kile kizimba, saa nne asubuhi, jua linawaka nje na watu wanauza machungwa getini, ile ladha ikanijaa kinywani. Nikameza mate, nikafanya kazi yangu.

Siku za kwanza ni za kutajwa tu, mnaulizwa mawili matatu mnarudishwa mahabusu. Lakini katika hayo mawili matatu niliona jambo. Kijana akijibu, midomo ya mtu mzima ilikuwa inacheza. Sauti haitoki, ila inacheza, tena inatangulia. Neno lilipita kwanza pale, kimya, ndipo likatoka kwa kijana. Nzi akitua kwenye shingo ya mmoja, mkono ulioinuka kumfukuza ulikuwa wa mwingine, ukakuta hakuna nzi, ukashuka. Niliwaza, mwanamke wewe, umeamka na njaa, hebu tulia.

Mara ya tatu walipoletwa, hakimu alinisifu. "Mama mkalimani, leo umekuwa mwepesi." Nikacheka kwa adabu. Nilipoketi ndipo nilipogundua kwa nini nimekuwa mwepesi. Nilikuwa nasoma midomo ya mtu mzima. Jibu la kijana la mwisho nilikuwa nimeshalimaliza kulitafsiri, na kijana alikuwa bado hajafungua mdomo. Alilisema baada yangu, neno kwa neno.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Niseme nini? Nimwambie hakimu mtu mzima anasema kwa kinywa cha mwenzake? Ningepelekwa kupimwa akili, na mshahara wangu ukapimwe pia.

Hakimu mwenyewe, sina ubaya naye hata kidogo. Alikuwa kijana mpole, anasoma kila karatasi mara mbili. Asubuhi ya kuanza kusikiliza mashahidi alivua miwani akasema neno ambalo tangu siku ile nalikumbuka lote. Alisema: "Nimeyasoma maelezo. Mshtakiwa wa kwanza anadai walikuwa wote. Kama mshtakiwa wa pili ana utetezi unaogongana na huo, kuwaweka kwenye kesi moja ni hatari. Maneno ya mmoja yatamwangukia mwingine, na wakiwa kizimba kimoja hakuna anayeweza kumlazimisha mwenzake kumtolea ushahidi. Nikiwatenganisha, kila mmoja atasikilizwa peke yake, kwa yake tu, na anaweza kumwita mwenzake kuwa shahidi. Waulize kama wanataka hivyo."

Mwendesha mashtaka akaguna. Mashahidi wake walikuwa wamekuja, mmoja wao daktari aliyeacha wagonjwa, na kila mtu alikuwa anatazama saa.

Nikawatafsiria, vizuri, neno kwa neno. Mtu mzima akajibu palepale: pamoja. Nikamgeukia kijana. Yeye akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, "Mama, nikisikilizwa peke yangu, yeye atasikia nitakayoyasema?"

Nikamtazama mtu mzima. Midomo yake ilikuwa imetulia kabisa. Ni sentensi ya pekee katika kesi nzima ambayo midomo ile haikuitangulia. Yalikuwa maneno ya kijana mwenyewe, yametoka kwake, na mtu mzima alishtuka kuyasikia, kisha akanigeukia mimi, akanitazama kinywani. Kama babu alivyonitazama.

Nilielewa. Wallahi nilielewa papo hapo, na hilo ndilo linaloniua. Kiapo kinasema "masikio yangu yakisikia." Katika chumba kingine, mwenzake asiposikia, kijana angeweza kufungua mdomo asivimbe wala asioze. Alikuwa anaomba njia ya kutokea. Kazi yangu ilikuwa kugeuka tu na kumwambia hakimu: "Nikisikilizwa peke yangu, mwenzangu atasikia nitakayoyasema?" Hakimu yule angeuliza kwa nini. Angeshusha kalamu akauliza, namjua.

Lakini ladha ya chuma ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na yule mtu hakuondoa macho kwenye mdomo wangu. Nilihofu kwamba nikiyasema yale maneno, nikisema "mimi" kama kazi inavyotaka, kiapo kitaniona mimi. Mimi niliyelamba kidole.

"Mama mkalimani?" hakimu akasema. "Anasemaje? Ndiyo au hapana?"

Nikamgeukia kijana kwa ukali, ule ukali wangu wa kuficha woga, nikamwambia kwa Kizigua, "Umeulizwa ndiyo au hapana. Jibu, usituchoshe."

Akanitazama kidogo. Akamtazama mwenzake. Midomo ya mtu mzima ikaanza tena kucheza, na kijana akasema, "Pamoja."

"Pamoja, mheshimiwa," nikasema.

Kesi ikaendelea siku ileile. Dereva wa bodaboda alipanda, mkono wake una kovu kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Alimtambua mtu mzima bila shida. Alipoulizwa kuhusu wa pili, alisita, akakuna kichwa. Akasema, "Mheshimiwa, mtu nilimwona mmoja. Ila jua lilikuwa nyuma yao, na chini palikuwa na vivuli viwili."

Mwendesha mashtaka akauliza kama vivuli viwili maana yake ni watu wawili. Dereva akasema wa pili atakuwa alikuwa nyuma ya mwenzake, pengine hakumwona vizuri kwa sababu ya damu. Hakimu akaandika. Mimi nikatafsiri, na nilipofika kwenye vivuli, wale wawili kizimbani waliinamisha vichwa kwa pamoja wakatazama sakafu mbele yao, kama watu walioangusha kitu.

Kwenye utetezi, mtu mzima alisema hana la kusema. Kijana alisema hana la kusema. Hilo la kijana nilijikuta nimeshalisema kabla yake, nikajing'ata ulimi mpaka ukatoka damu. Watu wa familia hawakuwepo. Mama yake, niliambiwa, alikuwa amelala ndani Kwaluguru anawauliza majirani mtoto atarudi lini ampindue ubavu.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Hatia, wote wawili. Hakimu alieleza kwamba maneno ya mshtakiwa mmoja peke yake hayatoshi kumtia mwenzake hatiani, ila hapa kulikuwa na pikipiki nyuma ya nyumba, kulikuwa na ushahidi wa dereva wa kuwepo mtu wa pili, na mshtakiwa wa pili mwenyewe hakutoa maelezo yoyote. Alisema hayo polepole, kama mtu asiyeridhika, na akaongeza kwamba aliwapa nafasi ya kutenganishwa wakakataa. Nilitafsiri hata hilo. Miaka thelathini kila mmoja.

Sasa sikiliza kilichofuata. Walipelekwa magereza tofauti. Sijui kwa nini. Nafasi labda, au karatasi tu zilivyojazwa. Karandinga la kwanza likamchukua mtu mzima. Alipanda bila kugeuka. Kijana aliachwa kwenye benchi la nje, mkono umefungwa pingu kwenye chuma cha dirisha, anasubiri gari la pili, na askari mmoja mgeni wa huku, mtu wa bara, yuko pembeni anachezea simu. Mimi nilikuwa napita na pochi yangu, naenda zangu nyumbani.

Akaniita. "Mama." Nikasimama. Akawa anasikiliza barabarani. Karandinga lilikuwa linapanda kilima, mlio wake ukafifia, ukafifia, ukaisha kabisa.

Akaniuliza, "Sasa hasikii?"

Nikamwambia, "Hasikii, mwanangu."

Basi akasema. Alisema yote, haraka haraka, machozi yanamtiririka, kwa Kizigua, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake yenyewe, nyembamba, ya mtoto aliyedeka kwa mama. Alisema mpaka pumzi ikamkatika. Kisha akajishika tumbo kwa mkono ulio huru, akalipapasa huku na huku, akaona halijavimba. Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko cha kunitia baridi kama kile.

Askari akainua kichwa. "Mama, anasema nini huyo?"

Na hakimu alikuwa bado ofisini. Dirisha lake liko wazi, namwona anafunga mafaili. Hatua ishirini. Lakini ningemweleza yote, angeuliza kwa nini hayakusemwa siku ile alipowauliza, na jibu la swali hilo lilikuwa mimi. Kazi yangu, pensheni yangu, jina langu la mama mkali asiyepunguza neno.

"Anamuaga mama yake," nikasema.

Askari akasikitika kidogo, akarudi kwenye simu yake. Kijana Kiswahili alikijua, nilishakwambia. Alisikia nilichosema. Aliacha kucheka, akanitazama mpaka gari lilipokuja.

Mama yake alifariki kabla ya mwaka kuisha. Nilikwenda Kwaluguru kuhani, nikakaa na wanawake kwenye mkeka, nikashindwa kula. Miaka imepita. Mwaka huu nimesikia mtu mzima naye amefia gerezani, na waliomwosha walisema tumbo lake lilikuwa limevimba, lakini wagonjwa wengi huvimba, sitaki kusema zaidi. Ninachojua ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa shahidi pekee wa kijana, na sasa hayupo. Kijana atakuwa anawaeleza wenzake kule kwamba hakufanya. Gerezani kila mtu hakufanya.

Juzi nilipiga moyo konde nikamwendea wakili, nikamwambia nataka kuandika kiapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tu, "Mama, miaka yote hii ulikuwa wapi?" Akasema nikayaandike kwanza aliyoyasema kijana pale benchini, neno kwa neno, halafu nirudi niapishwe. Nimeketi barazani tangu asubuhi. Midomo yangu inacheza, inaitangulia kalamu, na kinywani pana ile ladha, na tumbo nalishika kila dakika. Potelea mbali. Hii hapa tafsiri, siongezi, sipunguzi:

"Mimi siku ile sikuwepo. Alfajiri mwenzangu alinituma Mkumbara, nikamtafutie jembe la plau, nikatembea kutwa nzima sikulipata. Niliporudi nilikuta pikipiki nyuma ya nyumba yetu na mama analia. Nikamfuata mwenzangu kwake, akaniambia, usiogope, popote nitakapokwenda tutakwenda wote, si ndivyo tulivyokula. Nikanyamaza kwa sababu alikuwa anasikia. Kule polisi alikuwa anasikia, mahakamani alikuwa anasikia. Hakimu alipotaka kututenganisha nilifurahi, nikamuuliza mama mkalimani kama nikiwa peke yangu atasikia. Hakunijibu."